Siku tatu mbele ya chemchemi za Bellagio: maoni ya fundi wa stima wa mahoteli ya pwani

Mimi ni fundi wa stima, nimefanya kazi kwa mahoteli ya pwani ya Kenya miaka kumi na kitu, Diani kwanza alafu Watamu, na kazi niliyoishika zaidi ni ya nje: taa za bustani, taa za njia, pampu na fauntini. Kwa hivo dada yangu aliponiita nikamtembelee Henderson, mji uko hapo hapo ubavuni mwa Las Vegas, nilimwambia mapema kabisa kwamba mambo ya kasino sitaki na maduka sitaki, nipeleke hoteli ya Bellagio nikaone maji ya chemchemi. Akadhani namfanyia mzaha. Siku ya kwanza tulikaa pale masaa matatu mpaka akachoka akarudi kwa gari, siku ya pili nikaenda na mpwa wangu wa miaka tisa, ya tatu nikaenda peke yangu toka mchana mpaka saa sita usiku nikasimama tu pale ukingoni naangalia. Watu wengi washaandika kuhusu urefu wa maji na muziki, mimi nataka kuongea kitu ambacho sioni kikisemwa, yaani vile hio kitu inaongozwa, manake hapo ndo hela zilipoenda na hapo ndo mahoteli yetu yanapokosea.

Kwanza kwa ambao hawapajui. Bellagio ilifunguliwa Oktoba 1998 kwenye kiwanja cha hoteli ya zamani iliyoitwa Dunes, ile iliyoangushwa kwa baruti 1993. Mbele ya jengo kuna bwawa la ekari nane na zaidi, na humo ndani kuna nozeli, yaani midomo ya kurushia maji, zaidi ya 1,200 na taa zaidi ya 4,500. Gharama inayotajwa siku zote ni dola milioni 40. Waliotengeneza ni kampuni ya WET ya California, ilianzishwa 1983, na mmoja wa waanzilishi ni Mark Fuller ambaye alitokea Disney. Ndugu zetu mlioko Dubai mnaijua kazi yao hata kama jina hamlijui, ile chemchemi ya pale chini ya Burj Khalifa iliyofunguliwa 2009 ni mkono wao pia. Kuangalia ni bure, unasimama barabarani tu. Mchana maji yanacheza kila nusu saa, na usiku kila robo saa mpaka saa sita. Onyesho moja ni dakika chache, ni wimbo mmoja tu, alafu bwawa linatulia kabisa kama hakuna kitu.

Sasa nianze na swali la mpwa wangu, manake lilinifungua mimi mwenyewe. Kuna yale maji marefu kuliko yote, yanarushwa futi 460, hio ni kama mita 140, nyumba ya ghorofa arobaini hivi. Yanapotoka yanalia PUUU, unausikia mlio kifuani si masikioni. Mtoto akanishika mkono akaniuliza, "Mjomba, mbona maji yanatoka kwanza alafu mlio unakuja nyuma?" Nikamwambia sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde, na ule mstari wa nozeli za nyuma uko mbali na sisi, kwa hivo mlio unachelewa kidogo. Akafikiria, akasema, "Basi mbona mziki haujachelewa?" Spika zilikuwa karibu na sisi pale pale ukingoni, nikamuonyesha. Lakini swali lake likanikaa, nikatoa simu nikapiga hesabu hapo hapo nimesimama.

Maji kufika mita 140 yanataka kutoka chini kwa kasi ya mita 52 hivi kwa sekunde, na hio ni bila kuhesabu upinzani wa hewa, yaani ni karibu kilomita 190 kwa saa, gari la mashindano. Na safari ya kwenda juu inachukua sekunde tano na kitu. Yale ya mita 70 na kitu yanachukua karibu nne. Unaelewa maana yake? Ukitaka maji yafike kileleni pale pale mwimbaji anapofika kileleni, lazima ile vali ifunguke sekunde tano KABLA, wakati wimbo bado haujafika hapo, na zile fupi zifunguke baadae, kila moja kwa wakati wake, ndo zote zikutane juu kwa pamoja. Alafu kuna kushuka, nayo ni sekunde tano zingine, na ndani ya hizo sekunde tano hakuna kompyuta duniani inaweza kuyarudisha, yashatoka yametoka. Nilikaa maonyesho mawili mazima naangalia hio tu, nikisikia wimbo unapanda nahesabu nyuma moja mbili tatu nne tano, na kweli, mlio wa kutoka unausikia kabla wewe hujajua kwamba wimbo unaenda kupanda. Hapo nilisisimka mwili. Mtu alikaa akalipanga lile jambo sekunde kwa sekunde, nozeli kwa nozeli.

Yale maji marefu hayasukumwi na pampu moja kwa moja kama wengi wanavyofikiria. Silinda chini inajaa maji, alafu hewa iliyoshindiliwa na kompresa inaachiliwa ghafla inayatupa nje, ndo ule mlio wa mzinga. Nawaambia huu ni ujanja mkubwa sana wa stima, manake kama ungetaka pampu ya kurusha maji mita 140 ungehitaji mota kubwa za kutisha ambazo zinafanya kazi sekunde mbili tu alafu zinakaa bure, lakini kompresa ndogo inajaza matangi ya hewa polepole kati ya wimbo na wimbo, na stima unayovuta inakuwa ya kiasi. Na zile nozeli zinazoyumba, wenyewe wanaziita wapiga makasia, ziko zaidi ya mia mbili, hizo ndo roboti hasa, zinainama pande zote na ndo zinafanya yale maji yaonekane kama mtu anacheza kiuno. Hizi si za nguvu, ni za ustadi, na mimi binafsi nazipenda kuliko yale ya mzinga.

Taa. Hapa niseme ukweli nilikuja na wasiwasi, manake nimezoea kuona fauntini za rangi saba zinabadilika kama duka la simu. Usiku zile niliokuwepo mimi mwanga ulikuwa mweupe karibu wote, na uzuri wake ni kwamba taa inawaka PALE tu penye maji na WAKATI tu ule maji yapo. Nozeli ikinyamaza na taa yake inazima, bwawa linabaki jeusi. Kwa hivo jicho lako linaenda pale wanapotaka liende. Huwezi kufanya hivyo kama taa zako zote ziko kwenye kontakta moja, ile swichi kubwa inayowasha na kuzima zote kwa pamoja. Lazima kila taa iwe na anwani yake.

Kwa mafundi wenzangu wanaoanza, kazi hizi za taa kwa kawaida zinatumia lugha inaitwa DMX512, ilianza 1986 kwa ajili ya majukwaa ya michezo ya kuigiza huko Marekani. Waya mmoja unabeba chaneli 512, yaani amri 512 tofauti. Ukiwa na taa ya LED yenye rangi nne, nyekundu kijani bluu na nyeupe, inakula chaneli nne, kwa hivo waya mmoja unatosha taa 128 basi. Na mwisho wa waya lazima uweke kile kirezista cha ohm 120, kile kijisehemu kidogo kinachomeza mawimbi yasirudi. Naomba hapa mnisikilize vizuri. Watamu nilikesha usiku mzima natafuta kwanini taa za bwawani zinapepesuka zenyewe, nimebadilisha taa mbili, nimebadilisha pawa saplai, saa tisa usiku nimepiga magoti kwenye maua na tochi mdomoni nafungua boksi la mwisho, nakuta kirezista hakuna, na kebo iliyovutwa ni ya maikrofoni. Kirezista cha shilingi chache sana. Mawimbi yalikuwa yanafika mwisho wa waya yanagonga yanarudi, taa zinasikia mara mbili. Nilifunga kirezista, zikatulia hapo hapo kama mtoto aliyenyonya. Kebo tukaibadilisha wiki iliyofuata.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ni upepo, na ndo sababu hasa ya mimi kuandika yote haya.

Siku ya tatu mchana upepo wa jangwani ulianza kupiga kama saa tisa. Nikasimama pale pale. Onyesho la kwanza yale marefu hayakutoka kabisa, ya kati yakatoka mafupi. Onyesho lililofuata wapiga makasia peke yao chini chini. Baadae likaja la kimya, halikutoka kitu. Jioni upepo ukalegea, yakarudi kidogo kidogo kwa ngazi zile zile. Watu pembeni yangu walikuwa wanauliza kama imeharibika, mimi nilikuwa nataka kupiga makofi. Hio ndo fauntini iliyokomaa. Inajua kwamba maji ya mita 140 upepo ukiyabeba yanaenda kumwagika barabarani juu ya magari na watu.

Sasa niwarudishe Diani. Hoteli siitaji na kontrakta simtaji. Walijenga fauntini nzuri kwa macho, pampu tatu, nozeli ishirini na kitu, mita kumi na tano hivi kutoka meza za mkahawa wa nje. Kwa makaratasi ilikuwa na sensa ya upepo, yaani kifaa cha kupima upepo. Ilipofika mwezi wa nne kusi likaanza, na yeyote aliyekaa pwani anajua kusi si upepo wa kubembeleza. Usiku wa kwanza maji yalinyanyuliwa yakatua kwenye meza za wageni, sahani za samaki zikajaa maji ya klorini, mama mmoja mtu mzima akateleza kwenye vigae akaanguka akaumia nyonga. Sitamsahau. Mimi ndo niliyekimbilia paneli kukata stima. Na kile kioo kidogo cha kontrola kilikuwa kinasema upepo ni SIFURI.

Asubuhi nikaifuata ile kebo ya sensa kwa mkono, hatua kwa hatua, inapita nyuma ya jiko, inapanda ukuta, na nikaikuta sensa yenyewe imefungwa chini ya paa la makuti upande wa nyuma, upande ambao kusi haligusi, vile vikombe vyake vitatu vya kuzungushwa na upepo vimetulia tuli na buibui amefuma kati yake. Yaani sensa ilikuwa nzima, inafanya kazi yake sawasawa, inasema kweli kuhusu pale ilipowekwa. Aliyeifunga alitafuta mahali rahisi pa kufikisha waya. Nilipouliza nikaambiwa kuihamisha hio ni kazi ya nje ya mkataba. Tukaishia askari wa usiku kufundishwa kuangalia mnazi, ukiinama anazima breka. Msimu mzima wa kusi tulienda hivyo, askari na mnazi.

Sensa ya upepo inataka kukaa juu, wazi, mbali na kuta, na iwe upande ule ule wa maji yako. Na isiwe ya kuwasha na kuzima tu. Iongee na draivu ya pampu, ile inayobadilisha mzunguko wa mota, ili upepo ukipanda kidogo maji yashuke kidogo. Na kuna faida juu yake: ukishusha mzunguko wa pampu mpaka asilimia 80, maji yanashuka mpaka kama asilimia 64 ya urefu, lakini stima inashuka mpaka karibu nusu. Nusu! Meneja yeyote anayelia na bili ya stima mwambie hio hesabu, utamuona anavyokaa sawa. Alafu uweke na subira kidogo kwenye programu, kushuka iwe haraka lakini kupanda tena ingoje dakika kadhaa, usije ukawa na fauntini inayopanda na kushuka kila upepo ukivuta pumzi. Pale Bellagio niliiona hio subira kwa macho, upepo ulishalegea zamani na bado maji yalikuwa chini kwa maonyesho mawili.

Taa za nje za kawaida nazo niseme kidogo. Kwetu Mombasa jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano mwaka mzima, kwa hivo hata taima ya kuzungusha kwa mkono inakubeba. Las Vegas Disemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni na Juni linafika saa mbili usiku, masaa matatu na nusu ya tofauti, taima ya kawaida hapo haiwezi. Ndo wanatumia taima ya kinajimu, unaipa mahali ulipo kwenye ramani na tarehe, yenyewe inapiga hesabu ya magharibi kila siku. Hata kwetu mimi naipendelea kuliko fotoseli, lile jicho linalowasha taa likiona giza, manake fotoseli ikikaa vibaya ni balaa, niliwahi kukuta moja imefungwa chini ya taa yake yenyewe, taa inawaka, fotoseli inaona mwanga inadhani kumekucha, inazima, inaona giza, inawasha, usiku kucha hivo mpaka kontakta ikaungua.

Na mahoteli ya ufukweni kuna jambo ambalo Las Vegas hawana, kasa. Vitoto vya kasa vikitoka kwenye yai usiku vinafuata mwanga wa bahari, sasa kama taa zako nyeupe zinamulika mchangani vinageuka vinaenda kwenye bustani ya hoteli na vinakufa huko. Watamu nimeviokota kwa mkono wangu karibu na jenereta. Taa za upande wa bahari ziwe za rangi ya kaharabu au nyekundu, ziwe chini, zifunikwe zisitupe mwanga ufukweni, na msimu wa kutotoa zizimwe mapema. Hii inawezekana tu kama taa za upande wa bahari zina laini yake kwenye paneli, si zimeunganishwa pamoja na za maegesho. Nimeona mahoteli mengi sana ambapo huwezi kuzima ya bahari bila kuzima ya geti, na mwenye hoteli si kwamba ana roho mbaya, ni vile waya ulivutwa siku ya kwanza.

Hapo Bellagio wana mfano mzuri wa kujua kuzima. Machi 2024 ndege mmoja adimu wa majini, wa aina inayokaa huko kaskazini Alaska, alitua kwenye lile bwawa, na wakasimamisha maonyesho mpaka watu wa wanyamapori walipomchukua salama. Maonyesho yanayovuta maelfu ya watu, yamesimama kwa ajili ya ndege mmoja. Dada yangu ndo alinihadithia tukiwa tumesimama pale pale, nikafurahi sana.

Ambacho sikukipenda: mbele ya bwawa palikuwa na miti, mingine ikakatwa 2023 kupisha majukwaa ya mashindano ya magari, na mchana jua la pale ni la kuua, kivuli kinatafutwa kwa tochi. Miti ya kivuli ni sehemu ya kuangalia maji, mimi kwa hili nimeumia. Nendeni na kofia na maji ya kunywa.

Maswali ya maji yenyewe, manake najua mtauliza, jangwani wanatoa wapi? Hayatoki kwenye mto Colorado, yanatoka kwenye kisima cha chini ya ardhi kilichokuwa kinamwagilia uwanja wa gofu wa Dunes. Kwetu wengi wanachukua ya mfereji au ya kisima chenye chumvi, na kama ni ya chumvi basi taa na nozeli zako ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, hiki cha kawaida kinakula kutu mwaka haujaisha. Na stima ya taa za majini iwe volti 12, na juu yake ile breka inayokata ikivuja miliampea 30. Hili halina mjadala, kuna watoto wanaingiza mikono mle.

Alama zangu: maji tano kwa tano, taa tano, uongozaji ningeweza kutoa sita ningetoa. Sehemu ya kusimama nne, kwa ajili ya miti. Mara ya kwanza simama katikati usoni kabisa, mara ya pili vuka barabara uende kwenye ule mnara wa Eiffel wa kuigiza, panda juu usiku, ukiwa kule juu ndo unaona michoro ya duara ambayo ukiwa chini huioni. Na ukiona bendera zinapepea kwa nguvu, kaa upande upepo unakotokea, upande wa pili utalowa.

Niliporudi kwa dada usiku wa mwisho nilimtumia yule meneja wa zamani wa Diani video tatu, ya siku tulivu, ya upepo wa kati, na ile ya kimya, nikamuandikia tu "angalia hii ya tatu". Akanipigia asubuhi yake. Akaniuliza sensa mpya na mlingoti wa mita sita vinaweza kufika shilingi ngapi, nikamwambia na draivu tatu za pampu uweke humo humo kwenye bajeti. Wiki iliyopita amenitumia picha, mlingoti umesimama pembeni ya fauntini upande wa bahari, vile vikombe vinazunguka. Draivu bado zipo bandarini. Kusi linaanza mwezi wa nne.